Ni dawa au ni bahati? Mwongozo kamili wa kusoma matokeo ya majaribio yanayolinganisha tiba

Kati ya Oktoba 2005 na Julai 2010, watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali katika nchi tisa za Afrika waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja, watoto 2,712, lilipewa artesuneti ya sindano. Kundi la pili, watoto 2,713, lilipewa kwinini, dawa ambayo wodi zetu za watoto ziliitegemea kwa miaka mingi. Baadhi yao walilazwa Kilifi, wengine Muheza na Korogwe, wengine Mbarara, na wengine Rwanda na Kongo. Utafiti huo uliitwa AQUAMAT.

Upande wa artesuneti walifariki watoto 230. Upande wa kwinini, 297.

Tofauti ni watoto 67. Hapo ndipo swali linapoanza: hao 67 wameokolewa na dawa, au ni bahati tu iliyowagawa hivyo? Ungeweza kuwapa watoto wote dawa ileile na bado vifo visingelingana kila upande. Kwa hiyo tunahitaji njia ya kupima kama pengo hili ni kubwa kuliko lile ambalo bahati peke yake hulileta.

Mwongozo huu ni kwa tabibu, muuguzi, mfamasia, mwanafunzi wa udaktari na mwandishi wa habari za afya. Nimekaa katika vikao vingi vya kusoma makala za utafiti ambako msomaji huruka hadi kwenye thamani ya p, ile namba inayosema ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta pengo kama hilo, akaona iko chini ya 0.05, akasema "dawa inafanya kazi", na kikao kikafungwa. Inaniuma, kwa sababu thamani ya p hujibu swali moja dogo tu. Maswali ya kitandani kwa mgonjwa ni mengine: dawa inasaidia kiasi gani, na uhakika wetu unaishia wapi? Tutayajibu yote kwa hesabu ya mkono. Utahitaji kalamu, karatasi, na simu yenye kikokotoo kinachotoa kipeuo cha pili.

Hatua ya kwanza: tafuta swali kabla hujatazama jibu

Fungua sehemu ya mbinu, si muhtasari. Tafuta watafiti walisema watapima nini kabla hawajaanza. Hayo ndiyo matokeo makuu. Kwa AQUAMAT yalikuwa kifo cha mtoto akiwa hospitalini, basi. Majaribio ya siku hizi huandikishwa kwenye daftari la wazi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Kwa Afrika tuna daftari letu la majaribio ya tiba, PACTR, linalotunzwa Afrika Kusini. Ukikuta daftari linasema "kifo" na makala inajisifu kwa "siku za homa", jiulize nini kilitokea katikati.

Kisha hakikisha mambo mawili. La kwanza, mgawanyo ulikuwa wa nasibu kweli, na aliyempokea mgonjwa hakuweza kujua mapema atapangiwa dawa gani. Daktari akiweza kuchungulia, atawapeleka walio hoi upande anaouamini, na hakuna hesabu itakayosafisha doa hilo baadaye. La pili, kila mgonjwa alihesabiwa katika kundi alilopangiwa, hata kama dawa yake ilibadilishwa njiani.

AQUAMAT haikuwa na usiri wa dawa: wahudumu walijua nani anapata nini, maana dripu ya kwinini ya saa nne huwezi kuificha. Kwa kipimo kama kifo hilo halinitishi sana. Kama kipimo kingekuwa maumivu au "hali imeboreka", lingenitisha.

Hatua ya pili: chora jedwali la vyumba vinne

Usikubali asilimia kabla ya kuona watu. Andika hivi:

Artesuneti: walifariki 230, walinusurika 2,482, jumla 2,712.
Kwinini: walifariki 297, walinusurika 2,416, jumla 2,713.

Sasa gawanya. 230 kwa 2,712 ni 0.0848, yaani asilimia 8.5. 297 kwa 2,713 ni 0.1095, yaani asilimia 10.9.

Tofauti hiyo inaweza kusemwa kwa namna tatu, na kila moja humgusa msikilizaji kwa namna yake. Ukitoa, unapata pointi 2.5 za asilimia: katika kila watoto 100, wawili na nusu zaidi wanabaki hai. Ukilinganisha, unapata kwamba artesuneti imepunguza vifo kwa asilimia 22.5. Ukigawa 1 kwa 0.0247 unapata 41 hivi: ukiwatibu watoto 41 kwa artesuneti badala ya kwinini, mtoto mmoja ambaye angefariki hafariki.

Zote tatu ni kweli. Lakini tangazo la dawa litachagua ya pili, kwa sababu "asilimia 22.5" inasikika kubwa. Chukulia dawa inayopunguza hatari kutoka wagonjwa 2 kwa kila 10,000 hadi 1. Hiyo nayo "imepunguza kwa nusu". Ukisikia mtu anasema "imepunguza kwa asilimia fulani", muulize: kutoka wangapi hadi wangapi, kwa kila mia?

Hatua ya tatu: ijue bahati kwa maharage

Hatua hii usiiruke, hata kama una shahada. Mtu aliyeifanya kwa mikono yake hasahau tena maana ya p.

Tuache AQUAMAT kidogo, tuwaze utafiti mdogo wa kubuni: wagonjwa 20 kwa dawa mpya, 20 kwa dawa ya zamani. Upande wa dawa mpya wamekufa 2, upande wa zamani 6. Wengi wakiona hivyo watasema dawa mpya ni bora mara tatu.

Chukua punje 40 za maharage zinazolingana ukubwa: 32 nyeupe na 8 nyekundu. Kila punje ni mgonjwa, na nyekundu ni marehemu. Zitie zote kwenye bakuli, changanya vizuri, fumba macho, uchote punje 20 uziweke kwenye sahani ya kushoto. Zilizobaki mimina kwenye sahani ya kulia. Hesabu nyekundu kila upande, andika, rudisha zote bakulini, rudia.

Maharage hayajameza dawa yoyote. Tofauti yoyote utakayoiona kati ya sahani mbili ni bahati tupu. Mara nyingi utapata 4 kwa 4, au 3 kwa 5. Lakini utashangaa jinsi 2 kwa 6 inavyojitokeza bila kuchelewa. Hesabu kamili inasema mgao wa 2 kwa 6, au ulioegemea upande mmoja kuliko huo, hutokea karibu mara 24 katika kila mara 100, ukihesabu pande zote mbili.

Hiyo 24 kwa 100, yaani 0.24, ndiyo thamani ya p ya utafiti wetu wa kubuni. Maana yake: kama dawa mbili zingekuwa hazina tofauti yoyote, pengo kama hili au kubwa zaidi lingejitokeza lenyewe karibu mara 24 katika mia. Kwa hiyo bahati bado inatosha kabisa kulieleza pengo tulilolipata.

Sasa hamisha punje moja tu nyekundu. Badala ya 2 kwa 6, iwe 1 kwa 7. Thamani ya p inashuka kutoka 0.24 hadi 0.04. Mgonjwa mmoja amepona upande huu, mmoja amefariki upande ule, na utafiti umehama kutoka "hakuna tofauti ya maana kitakwimu" hadi "tofauti ipo". Ukiona utafiti mdogo unaoshangiliwa, hesabu ni wagonjwa wangapi wangetosha kuubadilisha.

Hatua ya nne: kokotoa mwenyewe

Kwa watoto 5,425 maharage hayatoshi, ila kuna njia ya mkato ambayo imetumika kwa miongo mingi. Tunapima pengo letu kwa kipimo cha myumbo wa kawaida wa bahati. Wanatakwimu hukiita kosa sanifu. Kosa hapa halimaanishi mtu amekosea, linamaanisha kiasi ambacho namba hupanda na kushuka zenyewe.

Kwa artesuneti: zidisha sehemu ya waliofariki kwa sehemu ya walionusurika, 0.0848 × 0.9152 = 0.0776. Gawanya kwa idadi ya watoto, 2,712. Unapata 0.0000286.

Kwa kwinini: 0.1095 × 0.8905 = 0.0975. Gawanya kwa 2,713. Unapata 0.0000359.

Jumlisha: 0.0000645. Tafuta kipeuo cha pili: 0.00803. Hilo ndilo kosa sanifu la pengo letu.

Mwisho, gawanya pengo lenyewe, 0.0247, kwa 0.00803. Jibu ni karibu 3.1. Yaani pengo tuliloliona ni zaidi ya mara tatu ya myumbo wa kawaida wa bahati.

Weka namba hizi ukutani: ukipata 1.64, p ni 0.10, ukipata 1.96, p ni 0.05, ukipata 2.58, p ni 0.01, ukipata 3.29, p ni 0.001. Yetu ya 3.1 inaangukia kati ya mbili za mwisho, karibu na 0.002. Watafiti wenyewe, kwa njia makini zaidi inayozingatia pia hospitali mbalimbali, walichapisha 0.0022. Kalamu na simu vimekufikisha pale pale.

Tahadhari moja: njia hii inahitaji watu wa kutosha katika kila chumba cha jedwali. Vifo vikiwa viwili vitatu, rudi kwenye mantiki ya maharage. Programu za takwimu huifanya hesabu hiyo chini ya jina la jaribio la Fisher.

Hatua ya tano: ijue mipaka ya p

Huyo Fisher, Ronald Fisher wa Uingereza, ndiye aliyeipa 0.05 umaarufu katika kitabu chake cha mwaka 1925. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Moja kwa ishirini aliiona ni mpaka unaofaa kwa matumizi. Hakuna sheria ya maumbile iliyoko pale. Hali ya 0.049 na hali ya 0.051 ni ushahidi uleule, kwa hiyo sioni sababu ya kushangilia moja na kuzika nyingine.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni hili: mtu anaona p = 0.0022 anasema, "uwezekano kwamba dawa hizi hazina tofauti ni asilimia 0.22." Sivyo. Thamani ya p imehesabiwa kwa kuchukulia kwamba dawa hazina tofauti, kama tulivyofanya kwa maharage. Haiwezi yenyewe kukuambia kama dhana hiyo ni kweli.

Tazama tofauti kwa mfano wa kuwaza. Dawa mpya 1,000 zinajaribiwa. Tuseme 100 tu kati yake zinafanya kazi, na kila utafiti una uwezo wa kugundua dawa ya kweli mara 80 kwa 100. Basi dawa 80 za kweli zitavuka mpaka wa 0.05. Zile 900 zisizofanya kazi, asilimia 5 yake, yaani 45, nazo zitavuka kwa bahati. Mezani una dawa 125 "zenye maana kitakwimu", na 45 kati yake ni bure. Hiyo ni asilimia 36, na kila moja ina p chini ya 0.05.

Ndiyo maana dawa iliyokuja na ushahidi wa awali haipimwi kwa jicho moja na ile iliyoibuka tu. AQUAMAT haikuanza gizani. Mwaka 2005 utafiti wa SEAQUAMAT, uliofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar kwa wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, ulikuwa umekuta vifo asilimia 15 kwa artesuneti na 22 kwa kwinini. Matokeo ya watoto wa Afrika yalikuja juu ya msingi huo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti ya sindano kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali.

Hatua ya sita: soma masafa ya uhakika

Kama una dakika moja tu na makala, nenda hapa. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 hukuonyesha pengo la kweli linaweza kuwa dogo kiasi gani na kubwa kiasi gani, kwa kadiri data hizi zinavyoruhusu.

Kuyapata ni rahisi. Zidisha kosa sanifu kwa 1.96: 0.00803 × 1.96 = 0.0157. Toa na ujumlishe kwenye pengo la 0.0247. Unapata 0.009 hadi 0.040.

Soma kwa sauti: artesuneti inaokoa kati ya mtoto karibu mmoja na watoto wanne zaidi katika kila 100. Sifuri haimo ndani, ndiyo maana p iko chini ya 0.05. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Lakini sasa umepata na ukubwa. Ule mtoto mmoja kwa kila 41 unaweza kuwa mmoja kwa kila 25, au mmoja kwa kila 110 hivi.

Hapo ndipo uamuzi wa kitabibu unapofanyika. Chukua ncha mbaya kuliko zote, mtoto mmoja katika 110. Je, hata kwa kiasi hicho ungebadilisha dawa? Artesuneti inachomwa kwa dakika chache, kwinini inataka dripu ya saa kadhaa na jicho la muuguzi lisilobanduka. Katika AQUAMAT sukari ya damu ilishuka baada ya matibabu kwa asilimia 1.8 ya watoto wa artesuneti, na asilimia 2.8 ya watoto wa kwinini. Kwangu jibu ni ndiyo bila kusita. Kwa dawa ghali yenye madhara mazito na ncha kama hiyo, ningesita, hata p iwe ndogo namna gani. Ukubwa unaostahili kubadilisha tiba unatoka kwa mgonjwa, kwa bajeti na kwa wodi. Kikokotoo hakiujui.

Ukikuta masafa yanayohusu uwiano (hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa ya jingine) badala ya tofauti, mpaka wa kutazama si sifuri, ni 1.

Hatua ya saba: usiseme "hakuna tofauti" kwa haraka

Tuchukulie AQUAMAT ingepata fedha za kusajili sehemu moja tu ya kumi ya watoto wale: 271 kila upande. Dawa ni zilezile na ubora ni uleule. Tuseme wamefariki 23 na 30, asilimia 8.5 na 11.1. Fanya hesabu ile ile. Pengo ni pointi 2.6, kosa sanifu 0.0255, ukigawanya unapata 1.0, na p ni karibu 0.31. Masafa yanatoka artesuneti kuua watoto 2.4 zaidi kwa kila 100 hadi kuokoa 7.6 zaidi.

Kichwa cha habari kingesema "artesuneti haina tofauti na kwinini". Na dawa ile ile, ambayo leo tunajua inaokoa maisha, ingewekwa kando. Utafiti mdogo ukishindwa kuona, tatizo linaweza kuwa la macho ya utafiti. Sentensi sahihi ingekuwa: "utafiti huu hauwezi kutenganisha manufaa makubwa na madhara kiasi." Inachosha kuitamka, lakini ni ya kweli.

Mfano halisi uko kwetu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu. Watoto wenye utapiamlo mkali au ugonjwa wa kuhara hawakujumuishwa. Kundi moja lilimiminiwa haraka maji ya albumini, la pili maji ya chumvi, la tatu halikupewa maji ya haraka. Kati ya albumini na chumvi, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa 111 kati ya 1,050 na 110 kati ya 1,047. Thamani ya p ilikuwa 0.96. Je, ni sawasawa? Masafa ya uwiano wa hatari yalikuwa 0.78 hadi 1.29. Albumini ingeweza kupunguza vifo kwa asilimia 22 au kuongeza kwa asilimia 29, na data hizi zisingepinga. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba tiba mbili zinalingana lazima apange utafiti wa lengo hilo tangu mwanzo, na aseme mapema ni tofauti ya kiasi gani anaihesabu kuwa si kitu.

Hatua ya nane: hesabu mara ngapi walitupa jiwe

Ukitupa mawe ishirini gizani, moja litagonga bati. Ukifanya majaribio 20 ya kitakwimu yasiyotegemeana, kwa dawa isiyofanya kazi kabisa, uwezekano wa kupata angalau p moja chini ya 0.05 ni asilimia 64. Kwa hiyo hesabu safu za majedwali. Vipimo vingapi? Vikundi vidogo vingapi: wavulana, wasichana, wazee, wa mjini, wa kijijini?

ISIS-2, utafiti wa 1988 wenye wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo, ulionyesha wazi kwamba aspirini inaokoa maisha. Watafiti wakaweka makusudi, kama onyo, hesabu ya wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa. Kwa wenye nyota ya Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kana kwamba inadhuru kidogo. Namba zilikokotolewa sawasawa. Hakuna daktari aliyewanyima aspirini watu wa Mizani, lakini wangapi wanaamini jedwali la namna hiyohiyo likiwa limeandikwa "umri" au "kabila"?

Kuna kesi ngumu zaidi. WOMAN ulikuwa utafiti wa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu kutoka, kwa kinamama 20,060 waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, katika nchi 21, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zikiwemo. Matokeo yalitoka 2017. Kipimo kikuu kilichopangwa awali kiliunganisha kifo na kuondolewa kizazi. Hapo hapakuonekana tofauti: asilimia 5.3 kwa waliopata dawa na 5.5 kwa wasioipata, p = 0.65. Vifo vya kutokwa damu vilikuwa 155 kati ya 10,036 na 191 kati ya 9,985, uwiano 0.81, masafa 0.65 hadi 1.00, p = 0.045. Vifo vya sababu zote: asilimia 2.3 na 2.6, p = 0.16. Na waliopata dawa ndani ya saa tatu: asilimia 1.2 na 1.7, p = 0.008.

Msomaji wa p peke yake atachagua namba inayompendeza. Mimi napima hivi. Kipimo cha mchanganyiko kilikuwa na kasoro ambayo watafiti waliiona utafiti ukiendelea: uamuzi wa kuondoa kizazi mara nyingi hufanywa palepale mama anapoingizwa kwenye utafiti, kabla dawa haijapata nafasi. Waliongeza idadi ya kinamama ili waweze kuona vifo vya damu. Hiyo 0.045 peke yake ni dhaifu, masafa yake yanagusa 1. Ila CRASH-2 ya mwaka 2010, kwa majeruhi 20,211, ilikuwa imeshaonyesha dawa hiyohiyo ikipunguza vifo vya sababu zote, na manufaa yakiwa kwa waliowahi. Hoja ya kuwahi haikuzuliwa baada ya kuona jedwali. Dawa ni nafuu, na madhara hayakuonekana kuongezeka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2017 itolewe ndani ya saa tatu, nami nakubaliana nalo. Ushahidi ulijengwa na mambo hayo yote kwa pamoja.

Hatua ya tisa: andika kwa Kiswahili kinachosema kweli

Namba ikishakaa sawa, maneno huiharibu. Usiandike "imethibitishwa kitakwimu". Neno "maana" katika "maana kitakwimu" nalo humpotosha msomaji, maana yeye husikia "muhimu". Andika watu kwanza, kisha masafa, p mwishoni. Kwa mfano: "Kati ya watoto 100 wenye malaria kali, 11 walifariki wakipewa kwinini na 8 hadi 9 wakipewa artesuneti. Tofauti ya kweli inaweza kuwa kati ya mtoto mmoja na wanne kwa mia (p = 0.002)." Mama wa mtoto anaielewa sentensi hiyo, na mganga mkuu wa wilaya pia.

Sasa zoezi, kwa kalamu yako. Rudi FEAST. Unganisha makundi mawili yaliyomiminiwa maji haraka: vifo 221 kati ya watoto 2,097. Kundi lisilomiminiwa: vifo 76 kati ya 1,044. Kumbuka wengi walitarajia maji yaokoe, na ndiyo maana p huhesabiwa pande zote mbili, ili tusijifunge macho upande ambao hatuutaki. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Ukipata asilimia 10.5 na 7.3, pengo la pointi 3.3, kosa sanifu la 0.0105, mgawo wa karibu 3.1, na masafa ya pointi 1.2 hadi 5.3, umekokotoa sawa. Hayo ni maisha ya mtoto mmoja yaliyopotea kwa kila 31 hivi waliomiminiwa maji.